Nyasi za Kwenda Vitani

Mimi sikuumbwa kwa kunong'ona. Hata nikiomba, jirani wa ghorofa ya juu hujua ninachomwomba Mungu, na siku nyingine hugonga sakafu kunikumbusha kwamba Mungu si kiziwi. Kwa hiyo nilipoanza kuunga mkono vita, mtaa mzima wa Kitengela ulijua. Ulijua pia kwamba kila Jumapili mwanamke huyohuyo huwafundisha watoto kanisani kugeuza shavu la pili. Watu walicheka, nami nikawaacha wacheke.

Sababu yangu ilikuwa moja. Kwaya yetu ilikuwa na mwimbaji wa sauti ya nne, fundi wa mawe, mtu ambaye akiimba mabati yanaitikia. Alipata kazi ya ujenzi huko karibu na mpaka. Alirudi ndani ya sanduku, maana watu wenye bunduki walimkuta yeye na wenzake wamelala. Pale kaburini, mkewe akiwa ameshikwa mikono asianguke, nilisema mbele ya wote kwamba waliofanya hivyo wafuatwe hadi walikotoka. Nikasema na amina mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Ile amina sijaifuta hadi leo, wala sina mpango wa kuifuta.

Kilichonishinda ni kwamba aliyetumwa kuwafuata alikuwa mwanangu.

Ni kifungua mimba wangu. Alikuwa jeshini tangu amalize shule, na mimi nilikuwa nikijivunia kombati zake nikizianika kwenye kamba pale mbele, mahali ambapo kila mpita njia angeziona. Siku aliyokuja kwenye duka langu la dawa za mifugo kuniambia kwamba wanapelekwa ng'ambo ya mpaka, nilikuwa nikimpimia mteja dawa ya kupe. Nilimaliza kumpimia, nikamrudishia chenji yake. Mteja alipoondoka ndipo nilipokaa juu ya gunia la pumba.

"Mathe, sitaki makubwa," akaniambia. "Niombee tu mbele ya watu, vile uliniombea nikienda secondary."

Kanisani kwetu msafiri haondoki kimyakimya. Awe anaenda chuo au anapeleka lori Mombasa, hutoka mbele, watu wote wakanyoosha mikono, na mtu wa nyumbani kwake akamwekea mkono kichwani na kumwombea. Hilo ndilo alilotaka, na kwangu lilikuwa jambo dogo. Mimi kukosa maneno? Labda mto wa Athi ukose maji.

Kabla ya Jumapili hiyo mchungaji wetu alipita dukani. Ni kijana, anafuga kuku, na ana msimamo. Alinunua chakula cha vifaranga, kisha akainama juu ya meza.

"Mama, kijana tutamwombea arudi salama. Lakini ile kazi anaenda kufanya, hiyo siwezi kuibariki."

Nilikuwa nimejiandaa kitambo. "Pastor, Bwana alimwambia Petro arudishe upanga alani. Hakumwambia autupe mtoni."

"Sawa. Na lile sikio Petro alikuwa amekata, Bwana alilifanyia nini?"

"Alimrudishia mwenyewe."

"Sasa huyu wetu akikata, nani atarudisha?"

Nilikuwa na jibu la shavu, nina jibu la akida aliyesifiwa imani yake bila kuambiwa aache kazi, nina jibu la wale askari waliomwendea Yohana mtoni wakaambiwa watosheke na mshahara. La sikio sikuwa nalo. Nilimpimia chakula chake nikiwa nimenuna, na siku hiyo sikumwongezea kile kiganja cha juu kama kawaida.

Jumapili mwanangu alitoka mbele akiwa na shati jeupe, akapiga magoti. Nilimwekea mkono kichwani, watu wakanyoosha yao. Nikasema, "Bwana." Hapo ndipo nilipokwama. Nikitaka kusema mpe ushindi, naliona sikio chini mavumbini. Nikitaka kusema mpe amani, namwona fundi wetu sandukuni. Mimi, mwenye mdomo wangu wote, nilisimama kama ng'ombe aliyezuiwa kwenye josho. Watu walidhani nalia. Kwaya ikaniokoa kwa wimbo, na kijana akarudi kuketi bila baraka ya mama yake.

Nje, aliniambia, "Sawa tu, Mathe." Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama ile sawa tu. Alikuwa anaondoka Alhamisi.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, labda kwa sababu mimi nimeyachukua yote. Jioni ile aliniangalia nikizunguka jikoni bila kupika, akasema, "Kesho twende kwa mama."

Sasa niseme kuhusu huyo mama. Mimi nilizaliwa Ukambani, nikaolewa kwa Wamaasai, na mama mkwe wangu anakaa mbali ukishaacha lami ya Kajiado mjini. Siku niliyofika kama bibi harusi alinipa kondoo, na tangu hapo sisi wawili tunaitana Pakerr, kama wanavyoitana watu waliopeana kondoo. Watoto humwita Koko, yaani nyanya. Anaamini kwamba chai yangu haina maziwa na kwamba kiti cha mbele katika kanisa lao la mabati ni chake hadi kiama.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya nyasi. Mwanangu akiwa mdogo alimwaga maziwa ya ndama pale kwa Koko, nami nikachukua fimbo. Badala ya kukimbia, alichuma nyasi akazishika juu. Mimi nikaendelea kwenda. Koko alitoka mbio ambazo sikujua anazo, akasimama katikati yetu, akaniamuru niweke fimbo chini. Kwao, aliyeshika nyasi ameomba amani, na anayempiga amejitafutia laana. Hata morani wakipigana, mtu akichuma nyasi mwenzake anaacha. Niliweka fimbo chini, lakini nilikasirika wiki nzima.

Na kijana akajua amepata kinga. Tulipokuwa Kitengela, kwenye ploti yenye simiti kila mahali, alikuwa akikosea anakimbilia mikebe yangu ya dirishani, ananishikia dania. Dania yangu ya kupikia! Nilikuwa nikicheka hadi fimbo inanitoka. Koko alipoambiwa hakucheka. Alisema dania si nyasi, lakini mtoto amejaribu.

Basi tulifika kwa Koko Jumatatu jioni, mwanangu akiwa nasi na begi lake la jeshi. Mume wangu alimweleza kila kitu kwa Kimaa, na sikuhitaji mkalimani kujua nilikuwa nasemwa. Koko alimaliza chai, akailaumu, kisha akanigeukia.

"Pakerr, wewe unasumbua Mungu, Enkai wetu, na maswali mingi. Kijana anaenda, si ndio?"

"Anaenda, Pakerr."

"Sasa unataka aende mkono mtupu?"

Alfajiri alituamsha. Nyota ya asubuhi ilikuwa bado iko juu, na baridi ya uwanda ilikuwa ikiuma masikio. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa kilichozibwa mdomo kwa nyasi mbichi. Akaniambia kwamba zamani, morani wakiwa vitani, mama zao walitoka nje nyota ile ikionekana, wakamwomba Mungu, nyasi zimefungwa kwenye nguo zao. Na kila siku waliacha maziwa kidogo kibuyuni, kwa sababu mtoto anaweza kutokea wakati wowote na njaa. Aliyasema hayo kwa sauti ileile anayotumia kunielekeza namna ya kukoroga uji.

Kisha akachomoa nyasi zile mdomoni mwa kibuyu, akanipa. "Mfungie kijana," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimetafuta maneno ya kubariki mkono unaopiga, na hapa nilikuwa nimepewa kitu cha kuuzuia. Nilitoa sindano kwenye mkoba, nikashona zile nyasi ndani ya mfuko wa kombati yake, upande wa moyo. Nilimwekea mkono kichwani. Safari hii maneno yalikuja yenyewe.

"Nakubariki. Nenda ukawazuie wanaoua watu usingizini, na sitakuombea msamaha kwa hilo. Lakini mtu akishusha silaha mbele yako, mkono wako ni mkono wangu, na mimi niliambiwa hapahapa niweke fimbo chini. Usinivunjie neno hilo."

"Sitavunja, Mathe," akasema. Alikuwa analia, mwanajeshi mzima, na Koko akamtemea mate ya baraka usoni hadi machozi na mate yakachanganyika.

Aliondoka Alhamisi. Mimi nikawa mama wa morani ndani ya ghorofa. Kila alfajiri nilitoka kwenye balkoni na nyasi nimezifunga kwenye ncha ya leso, nikaomba nikiitazama ile nyota juu ya moshi wa viwanda vya Athi River. Jirani wa juu aligonga, nikaongeza sauti. Kibuyu sikuwa nacho, nikawa naacha maziwa kwenye chupa ya chai. Mume wangu aliyakuta yamelala, yamechacha, akanywa bila kuuliza. Habari zilipokuwa mbaya redioni niliizima, nikafungua duka. Jumapili niliwafundisha watoto juu ya Petro na upanga wake, na nilipofika kwenye sikio nilipita haraka.

Kisha akarudi. Nalisema kwa ufupi kwa sababu nikilirefusha nitaanza kuimba. Alirudi mzima, mweusi kwa jua, amekonda, na nilipiga vigelegele hadi nikapotewa na sauti, jambo ambalo mume wangu analihesabu kama muujiza wa pili.

Tulimchinjia mbuzi kwa Koko. Mchungaji naye alikuja kutoka Kitengela, maana msimamo wake haumzuii kula nyama. Mwanangu alikuja na mwenzake wa kikosi, Mmaasai kutoka Illasit, kijana mrefu asiyetulia. Watu walipokuwa wanakula niliomba zile nyasi. Nilitaka nizirudishe kwa Koko kwa mkono wangu, mbele ya watu wote, nijisifu kidogo.

"Sina," mwanangu akasema.

"Umepoteza nyasi za Koko?"

Akamtazama mwenzake. Ni yule wa Illasit aliyesimama na kuvua kofia.

"Mama, wacha mimi niseme, kwa sababu ni mimi nilikosea. Hiyo siku asubuhi tulikuwa tumezika rafiki yetu. Mchana jamaa mmoja akatoka kwa vichaka, akatupa bunduki chini, akapiga magoti. Mimi nikaenda kummaliza. Nilikuwa nimeamua. Huyu wenu akanipita mbio, akararua mfuko, akaweka nyasi kwa mkono ya yule mtu, akainua huo mkono juu."

Watu waliacha kutafuna.

"Yule jamaa hakujua chochote. Nafikiri aliona ni kama dawa anapewa. Lakini mimi nilijua, Mama. Mimi ni mtoto wa nyumbani. Nilisimama na bunduki hapo, mkono ikakataa. Nikamtusi huyu wenu, nikamtusi mpaka mama yake, pole sana. Halafu nikakaa chini nikalia. Yule mtu alipewa maji, akapelekwa kwa wakubwa akiwa hai."

Nilimtazama mchungaji. Alikuwa ameuweka mfupa wake chini. Mwishowe akasema neno moja tu: "Sikio."

"Limerudishwa," nikamwambia, "na aliyelirudisha ni askari!" Nilisimama, nikacheza peke yangu mbele ya moto na mabaki ya mbuzi, mama mzima mwenye viatu vya kanisa, na wanawake wa boma wakaingia kunisaidia. Mtu asiniulize kama vita ni kitu chema. Nilimzika fundi wetu, najua kwa nini walitumwa, na ningewatuma tena. Lakini siku hiyo nilishinda, na sikumshinda mchungaji bali lile swali lake la sikio. Mchungaji mwenyewe alikuwa anacheza.

Tulipochoka, Koko alileta kibuyu. Yalikuwa yale maziwa ya kungoja, aliyokuwa akiyabadilisha kila siku tangu mjukuu wake aondoke. Mwanangu alinyoosha mikono kuyapokea. Koko hakumpa. Alimgeukia yule wa Illasit.

"Yule mtu wa nyasi. Mama yake anajua ako hai?"

"Hapana, Koko. Hatujui hata kama ako na mama."

"Kila mtu ako na mama," Koko akasema, kwa ukali kama wa siku ile ya fimbo. Akanyunyiza maziwa ya kwanza upande wa mashariki, kuelekea ng'ambo ya mpaka, kisha ndipo akampa mjukuu wake anywe.

Alinishika bega. "Omba, Pakerr. Wewe ndio uko na sauti."

Mchungaji akainamisha kichwa. Mume wangu akavua kofia. Nilifungua mdomo na sikukwama. Nilianza na yule mama mwingine, kabla ya mwanangu, kabla ya mtu wetu yeyote, na niliomba kwa sauti yangu yote, kwa sababu alikuwa mbali na nilitaka asikie.