Debe la Punje Nyeupe

Béatha alisomea kemia Bujumbura, akaolewa Kigali, na mwaka 1992 alikuwa fundi katika karakana ya gesi karibu na kiwanda cha Sonatubes. Mashine yao ilivuta hewa na kutoa oksijeni kwa waunga vyuma na zahanati moja ya Kagarama. Ndani yake mlikuwa na punje za zeolaiti, ambazo hunasa nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Punje hizo zilichakaa wakati vita vya kaskazini vimefunga njia ya mizigo.

Béatha akaamua kuzitengeneza mwenyewe. Alichoma udongo mweupe, akaupika pamoja na soda kali ya kutengenezea sabuni, akauosha, akaufinyanga punje ndogondogo, kisha akazikausha katika tanuri la vigae kule Gahanga. Debe la mwisho la kujaza mashine aliliziba kwa nta, maana punje zikinyonya maji hazinasi tena nitrojeni.

Walikuwa wakirudi mjini na mwajiri wake, Gratien, aliyeendesha pikapu, manyunyu yakianza, waliposimamishwa kwenye kizuizi.

"Mama, iko nini ndani?" askari aliuliza.

"Udongo wa mashine ya oksijeni, afande."

"Fungua."

"Tafadhali, afande, ikipata mvua inaharibika."

Alijuta palepale. Siku zile watu walikamatwa kwa kudhaniwa tu kuwa vibaraka wa waasi, na lafudhi yake ya Burundi, nchi yenye wakimbizi waliowaunga mkono waasi hao, haikufichika. Askari alibandua mfuniko. Matone yakaingia, punje zikafoka, mvuke ukapanda.

"Baruti!" Akaruka nyuma, akakoki bunduki.

Gratien aliinua mikono. Béatha alijua wakikimbia wamekwisha. Akachota punje kiganjani, akazimwagia maji ya chupa. Zilimchoma, hakuziachia.

"Tazama, afande. Inakunywa maji, inatoa joto. Hailipuki."

Waliketishwa chini, mikono kichwani, mvua ikinyesha ndani ya debe, hadi mkubwa wa kizuizi alipokuja. Naye alimimina jagi zima la maji, akasubiri mbali. Mvuke ulipoisha, akasonya.

"Ondoeni uchafu wenu."

Ndani ya gari Gratien aliuliza, "Zimekufa?"

"Hapana. Zikichomwa upya zitafaa."

"Turudi Gahanga? Halafu tupite tena hapa?"

Asubuhi zahanati ilikuwa imepiga simu: mtungi wa mwisho ulikuwa unakaribia kwisha. Gratien alitukana kwa sauti ndogo, akageuza gari.

Kesho yake, punje zikiwa zimechomwa upya, walipita kizuizini na debe lilelile. Askari wengine walikuwa zamu, wakalitikisa, wakawaruhusu. Punje zilijazwa, mashine ikawashwa, na Béatha alitazama kipimo mpaka macho yakamuuma. Oksijeni ilitosha. Mtungi mpya ulifika Kagarama, ule wa zamani ukiwa bado unatoa pumzi kidogo.

Jioni Béatha alimwambia Gratien, "Safari nyingine aende mtu mwingine."

"Sawa, mama."

Lakini hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua kazi ile, na punje zilipohitajika tena, alipanda pikapu yeye mwenyewe.