Ufunguo wa Chumba cha Tope

Saa mbili asubuhi jua la Kerege limeshaanza kuuma, na Mwanamkasi Mikdad anavaa koti la baridi. Ni koti zito la mtumba, la kiume, linamfika magotini. Anafunga vifungo mpaka kidevuni, anajitanda mtandio upya, anafungua kufuli na kuingia chumba cha baridi. Mlango mzito unajifunga nyuma yake.

Ndani hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna soda. Kuna tope tu. Limelala kwenye rafu, ndani ya mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa katikati kwa urefu na kufungwa nailoni. Meli ya utafiti ililitoa chini kabisa ya bahari, mbali na pwani, kwa kuzamisha bomba refu sakafuni na kulivuta juu na vyote vilivyomo.

“Huku juu ni tope la juzijuzi,” anasema, akigusa mwanzo wa bomba moja. “Hapa katikati, mababu zetu hawajazaliwa. Huku mwisho ni maelfu ya miaka. Mimi silishiki mpaka nimesema Bismillahi.”

Kazi yake ni kumega kipande kidogo cha tope, kukiosha juu ya chekecheke laini mpaka maji yawe meupe, kukausha kilichobaki, kisha kukaa kwenye hadubini. Hapo huonekana maganda ya viumbe wa baharini, madogo kuliko punje ya chumvi. Anayachagua kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa, moja moja, kila aina mahali pake.

Hakuisomea kazi hii. Aliingia kituo hiki cha utafiti akiwa mfagiaji. Siku moja Dokta Sabiha, mtafiti mkuu wa kituo hicho kidogo, alimkuta jikoni akichagua mchele wa chakula cha mchana, vidole vinakwenda vyenyewe, macho hayabanduki kwenye ungo. Akamwambia aache ufagio, amfuate.

Dokta Sabiha anaeleza kwamba bahari ikiwa na chakula tele, aina fulani za viumbe hao hujaa. Chakula kikipungua, aina nyingine huchukua nafasi yao. Ndani ya maganda mna alama ya joto la maji ya zama hizo. Na ndani ya tope lenyewe yamebaki mafuta machache mno ya viumbe wa kale, nayo hupimwa ili kujua bahari ilizalisha kiasi gani. Wanaotaka kujua bahari inayopata joto leo itakuwaje kesho, huanza kwa kuuliza ilifanya nini zamani.

Mwanamkasi ana maneno yake mafupi. Yeye husema kuna tabaka la shibe na tabaka la njaa.

Ila wa kuambiwa hayo hayupo. Watafiti huja na kuondoka, Dokta Sabiha mwenyewe siku nyingi yuko Dar es Salaam, na hadubini haisemi. Jioni Mwanamkasi akirudi nyumbani, anapita mtaa mzima akitoa salamu. Zinaitikiwa, maana salamu ni ya Mungu. Baada ya hapo kila mtu anarudia shughuli yake, utadhani aliyepita ni upepo.

“Wamenisusa,” anasema, bila kuzungusha maneno. “Na sababu naijua.”

Sababu ni ufunguo ule ule wa asubuhi. Mwaka jana alifariki Sharifu, mume wa jirani yake Dija. Mwanamkasi na Dija walikuwa chanda na pete. Wakiazimana hata chumvi, wakiitana shoga tangu usichana. Ilipokaribia arobaini ya marehemu, ndugu zake walileta samaki wa kulisha wageni, nguru wakubwa, wazuri. Jioni ile ile umeme ukakatika mtaa mzima na haukurudi. Kituo kina jenereta. Dija akaja mwenyewe, na kaniki yake ya eda, akasimama mlangoni kwa Mwanamkasi. Akamwomba awahifadhie samaki wale kwenye chumba cha baridi mpaka asubuhi.

Mwanamkasi akakataa.

Wee, usiombe kukataa jambo kama hilo huku pwani. Ukimnyima mtu hela, atanuna, yataisha. Ukimnyima jambo la msiba wake, umeudharau msiba wenyewe.

Lakini miezi michache kabla ya hapo mlinzi mmoja wa kituo alikuwa ameficha pweza wake humo, kwenye mfuko wa nailoni, akisubiri zamu iishe. Mfuko ukavuja juu ya bomba moja. Mafuta ya pweza wa jana yakaingia kwenye tope la maelfu ya miaka, na bomba lile halikufaa tena kupimwa. Likatupwa. Mwanamkasi ndiye aliyelibeba hadi shimoni, na anakiri kwamba alilia njiani kama anayezika mtu. Mlinzi alifukuzwa, na ufunguo akakabidhiwa Mwanamkasi.

Yote hayo alimweleza Dija usiku ule. Dija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo tope limemshinda Sharifu,” akageuka, akaenda zake.

Samaki waliharibika. Siku ya arobaini wageni walikula wali kwa maharage, na waliotoka mbali wakarudi kwao na habari hiyo. Tangu hapo Dija hamwiti shoga tena; humwita Mama Adila, kwa jina la bintiye, kama amwitavyo mtu mwingine yeyote.

Je, anajuta? “Nimejiuliza mara nyingi. Labda ningewafunga vizuri, nailoni juu ya nailoni. Labda wasingevuja. Sijui. Ninachojua, shoga yangu alikuja analia na mimi nikamtolea habari za tope.”

Jumapili hii anamwoza bintiye wa pekee, Adila, anayeolewa Mkange. Baba wa Adila aliondoka zamani, yuko Chalinze na familia nyingine. Adila akishaondoka, nyumba inabaki na mtu mmoja. Na harusi ya pwani haipikwi na mtu mmoja. Usipokwenda kwa wenzio, hawaji kwako, na aibu yake bibi harusi huondoka nayo mpaka ukweni.

Mwanamkasi amealika nyumba kwa nyumba. Wote wamejibu inshallah, lakini ipo inshallah ya kuja na ipo ya kukutoa mlangoni. Pembeni mtaa unanong’ona neno moja: tutaona samaki wake watalala wapi.

Leo Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, ni wakati wa wanawake kuja kuchagua mchele. Uani pametandikwa mikeka na masinia yamepangwa. Aliyekaa ni Mwanamkasi peke yake, gunia mbele yake. Adila yuko ndani na hataki kutoka, amelia mpaka macho yamevimba.

Asubuhi Ishaka, kaka yake Mwanamkasi, alileta samaki kutoka Bagamoyo, akashangaa kuona dada yake hawapeleki kazini. Ufunguo si anao? Mwanamkasi akamjibu kwamba alilomnyima Dija hawezi kujipa mwenyewe. Samaki wamelala uani ndani ya friji bovu lililojazwa barafu, na maji yameshaanza kuchuruzika chini yake.

Jua linapokaribia kushuka, kunabishwa hodi. Ni Dija. Hasalimii sana. Anaipita mikeka, anakwenda moja kwa moja kwenye friji bovu, anafunua kifuniko na kutazama. Anaingiza mkono kwenye barafu kama asiyeamini macho yake.

“Hata wako?” anauliza.

“Hata wangu.”

Dija anafunika friji. Anavua ndala, anakaa mkekani, anavuta sinia. Wanachagua mchele wote wawili, chuya na vijiwe wakivitupa pembeni.

“Shoga,” anasema Dija hatimaye, macho kwenye sinia, “barafu ile haifiki Jumapili. Mwite Adila awapeleke kwangu, friji langu lina nafasi.”

“Na umeme ukikatika?”

“Ukikatika tutakula maharage.”

Mwanamkasi anacheka, kisha anajifuta uso kwa upindo wa khanga. Anamwita Adila.

Wengine hawajatokea, na kama watakuja Jumapili hajui. Akimsindikiza mwandishi wa habari hii hadi barabarani, anasema amebakiwa na ombi moja tu kwa Dokta Sabiha: amruhusu siku moja aingie na Dija chumba cha baridi, amwonyeshe tabaka la njaa na tabaka la shibe, ajue ni kwa ajili ya kitu gani alinyimwa.

Koti, anasema, liko moja tu.

“Nitamvisha yeye. Mimi baridi nimeshaizoea.”