Mkono Uliobaki Ujerumani

Daktari wa timu aliponiuliza kama anichome sindano, nilinyoosha mkono wa kulia kabla hajamaliza swali. Ilibaki nusu saa mechi ianze. Vidole viwili vilikuwa vimevimba tangu Jumatano. Alinieleza mara mbili kwamba ganzi haiponyi, inaficha tu. Nikiumia zaidi sitajua. Nikamwambia ndicho ninachotaka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nalipwa huko Ujerumani kucheza mpira wa Kimarekani. Kazi yangu ilikuwa kukimbia pembeni mwa uwanja na kudaka mpira unaorushwa kutoka mbali.

Nilidaka minne. Wa tano, mtu mzito aliniangukia. Niliona vidole vimepinda kwa nyuma, sikuhisi chochote, nikarudi kucheza.

Msimu uliofuata sikuwa na timu. Nilirudi Brussels nilikokuwa nikiishi kabla, nikaoa, nikasafisha ofisi miaka ishirini na kitu. Vidole vilinyooka, hata nguvu kiasi ikarudi. Hisia haikurudi, kiganja kizima.

Mke wangu, mtu wa Bukavu, Kongo, aliyechanganya Kiswahili na Kifaransa, alizoea. Siku nilipoinua sufuria ya moto kwa mkono mtupu, alicheka mpaka akakaa chini.

“Papa, mukono yako ilibakiaka Allemagne! Leta ingine!”

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Alilala hospitalini amefumba macho, hasemi. Muuguzi akaniambia huenda anasikia. Nimuulize mambo, na akikubali labda atanifinya mkono. Siku tatu nilikaa kando yake, mkono wangu wa kulia ndani ya wake, chini ya blanketi. Nilimuuliza kama anaumwa. Nilimuuliza kama anataka padri. Nilimuuliza kama amenisamehe mambo fulani ya zamani. Kila mara nilisubiri, kisha nikampigia simu binti yetu aliyekuwa Kanada, nikamwambia mama yake hajibu.

Siku ya nne binti alifika, akafunua blanketi amnyooshee mama yake shuka.

“Papa, mais anakufinya! Hausikie?”

Nikatazama. Vidole vyake vilikuwa vimekaza juu ya vyangu. Siku zote hizo sikuwa nimefikiria kubadili mkono. Nikamshika kwa wa kushoto, nikamuuliza tena, lakini vilikuwa vimeshalegea. Alifariki mchana ule.

Mke wangu alinijibu kwa siku tatu, na sijui alinijibu nini.