Talaka ya Mgonjwa wa Ngiri

Mama alikuwa amenikataza kupanda paa mwezi ule. Alisema ameota ndoto mbaya. Lakini kazi yangu ilikuwa kuezeka, na Kariakoo ya wakati wa Mwingereza, kabla mabati hayajaenea, ilikuwa makuti mtaa kwa mtaa. Nisingepanda paa ningekula nini? Nikapanda, nikateleza upande wa uani, nikaangukia kinu. Kinu hakikupata hata ufa. Mimi nilivunjika paja.

Hospitalini wakaunyoosha mguu wangu, wakaufunga kamba, kamba wakaipitisha kwenye gurudumu dogo juu ya kitanda, na mwishoni mwake wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Dresa wa wodi yetu, yule msaidizi wa daktari aliyefunga vidonda na kugawa dawa, akanieleza kwamba uzito ule ndio utakaovuta mfupa urudi mahali pake. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kaptula nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe.

Mama alipokuja kunitazama aliitazama kamba, akautazama mfuko, akasema, "Mwanangu wamemfunga kama mbuzi wa Idi!" Kabla sijamzuia akafungua fundo. Mfuko ukamwangukia dresa kwenye vidole vya mguu. Tangu siku ile mama aliruhusiwa kuingia kwa sharti moja, kwamba mikono yake akae ameiweka nyuma.

Kulia kwangu alilala mzee muuza nazi, mtu wa ukoo wa zamani pale mjini, mwenye kibanda chake karibu na soko. Alikuwa na ngiri aliyoishi nayo miaka mingi kama mtu anavyoishi na mpangaji mkorofi, mpaka ikamzuia hata kuinama. Kitanda cha upande wa pili alikuwapo mwashi aliyeangukiwa na tofali, na mbele yetu askari mstaafu mwenye pumu. Askari yule alihema kwa kelele lakini hakuna neno lililompita.

Mke wa mzee alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Kila adhuhuri alikuja kwa miguu kutoka Kariakoo, akakata uwanja wa Mnazi Mmoja juani, na kikapu kichwani: wali, mchuzi wa samaki, wakati mwingine mkate wa kumimina. Aliuleta hata mto wa nyumbani, kwa sababu wa hospitali, alisema, umejazwa kokoto. Na kila adhuhuri mzee aliilaumu chumvi.

"Leo imezidi."

"Jana ulisema imepungua."

"Jana ilipungua. Leo imezidi. Huwezi kupata katikati?"

"Nikipata katikati utakufa, huna tena la kusema."

Kisha alimkalia kando na kumpepea mpaka kengele ya kuwatoa wageni. Mimi nilikuwa bado sijaoa, na nikiwatazama niliamini ndoa ni jambo la kuogopwa.

Siku ya kupasuliwa mzee alituaga wote. Alimwomba radhi mwashi, akaniomba radhi mimi, akamwomba radhi askari ambaye walikuwa hawajawahi kusemezana. Alimwomba radhi paka wa wodini. Mwisho akamgeukia mkewe, machozi yanamlenga.

"Mke wangu, kama nimekukosea, nisamehe. Nyumba ni yako. Kuku ni wako."

"Nenda, bwana, nenda," mkewe akamjibu akimfunga vizuri shuka. "Unakwenda kutolewa ngiri, huendi vitani." Lakini wapagazi walipokwisha kumchukua kwa machela, niliona akiukunja na kuukunjua ukingo wa kanga yake, na midomo inamcheza kwa dua.

Walimrudisha mzima, anakoroma, ananuka ile dawa ya usingizi, harufu tamu ya kuchefua. Dresa akatuambia, "Ataamka taratibu. Akisema maneno msiyajali, ni dawa inayosema."

Mkewe akakaa akimpepea. Wageni walikuwa wengi siku ile, wodi imejaa. Mzee akaanza kuchezacheza vidole. Akaimba kidogo. Akamwita mama yake. Halafu akafumbua jicho moja, akalielekeza juu darini, akasema kwa sauti safi kabisa, sauti ya mtu anayenadi:

"Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha! Rudi kwenu!"

Kipepeo alichokuwa akimpepea kikasimama hewani. Hata pumu ya askari ilinyamaza.

Mwanamke akatazama huku na huku. "Mmesikia?"

Mtu mwenye busara angekaa kimya. Mwashi akasema, "Tumesikia, bibi. Tatu."

Basi akainuka. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikusanya sahani, akafunika chungu, akaviweka kikapuni. Akainua kichwa cha mzee kwa mkono mmoja, taratibu sana, asimwumize, na kwa mkono wa pili akauvuta ule mto wa nyumbani. Akakiweka kichwa juu ya mto wa kokoto.

"Nitakaa eda yangu kwa dada yangu," akatuambia. "Akiamka mpeni salamu." Akaenda zake.

Mzee alipopata fahamu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Huu si mto wangu." La pili likawa, "Mke wangu yuko wapi?"

Kila mtu akawa na shughuli. Mwashi akajifunika shuka. Mimi sikuwa na pa kukimbilia, nimefungwa kamba, na mzee ananitumbulia macho. Nikamweleza.

"Mimi? Nimemwacha nani?"

"Mkeo, mzee."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe."

"Mimi nilikuwa nimelala!"

"Ulikuwa umelala, lakini ulisema."

Alitaka kuinuka, mshono ukamkamata, akarudi chini akiuma meno. Hapo ndipo wodi ilipogeuka baraza. Mmoja alisema talaka ni talaka, ulimi haurudi nyuma. Mwingine alisema mtu aliyelala ni kama maiti, na maiti hana talaka. Mwashi alikumbusha kwamba zilikuwa tatu, na talaka tatu hazina marejeo, mpaka mwanamke aolewe kwanza na mume mwingine, na huyo naye amwache.

Askari akakohoa. "Kama ni lazima apatikane mume wa kupitia," akasema, "mimi sina mke. Nipo."

Mzee alimrushia kikombe cha bati. Hakikufika, lakini mshono ulimwadhibu mpaka dresa akaja mbio. Alipoelezwa habari yote dresa alishika kiuno. "Wazee wangu, hapa tunatoa ngiri. Hatutoi fatwa."

Kuanzia hapo mzee akawa mtu wa kuhurumiwa kweli. Adhuhuri ikifika aliutazama mlango mpaka kengele inalia. Alipewa uji na maharage ya hospitali, akaonja, akaweka kijiko. "Haina chumvi," alisema, lakini hapakuwa na wa kumjibu, na nilimwona akigeukia ukutani.

Daktari Mzungu alipopita kutukagua, akamwona mgonjwa amekonda ilhali kidonda kinapona vizuri, akauliza sababu. Dresa, aliyekuwa mkalimani wake, akasita, kisha akamweleza. Wakazungumza kwa Kizungu, na uso wa daktari ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alidhani anashtakiwa. Mwisho akasema neno refu, na dresa akalitafsiri kwa uso mkavu:

"Bwana Daktari anasema anasikitika sana. Lakini katika dawa aliyokupa, talaka haikuwamo."

Wodi ikaangua kicheko, wakacheka hata waliokatazwa kucheka. Mzee peke yake hakucheka.

Mimi niliondolewa mfuko wa mchanga nikapewa magongo mawili nijifunze kutembea. Mara ya kwanza nilipofika mlangoni bila kuanguka, mzee aliniita.

"Kijana, umeoa?"

"Bado, mzee."

"Basi huna adui. Ukiruhusiwa kutoka nje, nataka uwe mshenga wangu."

Kabla ya kwenda nilimwomba mama, mikono yake ikiwa nyuma, atuletee mwalimu wa chuo cha Kurani wa mtaani kwetu. Mwalimu alikaa juu ya kigoda, akasikiliza mashahidi, akauliza, "Alipoyasema maneno haya, akili alikuwa nazo?"

"Hana hata sasa," mwashi akajibu.

Mwalimu hakucheka. Alisema mtu aliyetiwa usingizi kwa dawa hana hukumu, neno lake limepita kama upepo, ndoa ipo kama ilivyokuwa. Mzee akambusu mkono akalia wazi mbele yetu.

Dresa akaniruhusu kutoka kwa mchana mmoja, nikaenda na fatwa hiyo kwa magongo mpaka nyumbani kwa dada wa mke wa mzee, nyuma ya soko. Jasho lilinitoka mpaka machoni. Niliwakuta wote wawili ukumbini wanachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usije ukaanguka tena. Anakula?"

"Hali. Bibi, mwalimu amesema ile talaka haikuswihi. Wewe bado ni mke wake."

Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. "Hilo nalijua. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Nilijua siku ile ile, kabla sijafunika chungu."

"Basi mbona uliondoka?"

Dada mtu akacheka, yeye hakucheka. Akaweka ungo chini. "Mwanangu, nilipoolewa na mtu yule, mshenga ndiye aliyesema ananitaka. Yeye mwenyewe hakusema. Toka hapo nimesikia habari za chumvi. Siku ile nikasikia kwa masikio yangu, 'nimekuacha', mbele za watu, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia nyumbani. Najua ni dawa. Lakini moyo haukujua kuwa ni dawa." Akafuta ncha ya pua kwa kanga. "Mwambie aseme lile jingine. Macho yakiwa wazi. Mbele ya wale wale."

Nilipompelekea mzee ujumbe huo alishikwa na hofu kuliko siku ya kisu. "Mbele ya mwashi?" aliuliza. "Na mbele ya yule askari?"

Lakini alimtuma mama yangu akamwite, na kesho yake, wakati wa wageni, mwanamke alikuja. Hakubeba kikapu. Alisimama mbele ya kitanda akimtazama. Mzee akajikongoja akakaa, mkono umeshika mshono.

"Mke wangu," akaanza. Akakohoa. "Ile siku. Niliota nimepanda mnazi. Upepo ukauinamisha mnazi mpaka ukataka kunimwaga baharini. Nikauambia nimekuacha, rudi kwenu. Ni mnazi niliouacha. Si wewe."

"Kwa hiyo umeniita nije kusikia habari za mnazi?"

"Ngoja." Alifumba macho.

"Macho wazi," akasema mkewe.

Akayafumbua. "Nakutaka," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Hatujasikia!" mwashi akapiga kelele.

"Nakutaka!" mzee akanguruma, kwa sauti ile ile ya kunadi, mpaka dresa akachungulia mlangoni. "Nilikutaka tangu ulipokuwa ukipita kisimani, na huwa nasema chumvi kwa sababu nikinyamaza unaondoka kwenda jikoni!"

Hakuna aliyetazamia hilo, naye mwenyewe, nadhani, hakulitazamia. Mkewe alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, na hatukujua analia au anacheka. Kisha akakaa pale pale ukingoni mwa kitanda, mahali pake, akautwaa mkono wa mzee akauweka pajani kwake mbele ya watu, jambo ambalo wake wa mji ule hawakulifanya. Askari alisema ni vumbi lililomwingia machoni.

Mzee aliruhusiwa kabla yangu. Niliporudi kazini niliwaezekea ukumbi wao, nikawa mtu wa kwao. Wageni wakija, bibi aliwasimulia kisa cha wodini, na kila mwaka alikirefusha kidogo. Mwashi akaongezeka matofali, daktari akaongezeka haya. Mzee alikaa kimya, anakuna nazi kwenye mbuzi, kichwa kimeinama. Nilidhani anaona aibu. Siku moja bibi alikatiza hadithi mapema kwa sababu ya mvua, ikabidi wageni waondoke, na mzee akanigeukia kwa masikitiko.

"Leo," akasema, "hakufika kwenye kisima."