Fundi wa Feni za Chini

Fundi wa mifumo katika mgodi mmoja karibu na Kahama haandiki tena programu mwenyewe. Hueleza anachotaka, na mawakala wa kompyuta huandika, hujaribu na kusahihishana. Yeye husoma kazi yao polepole, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali rozari.

Asubuhi ile mawakala walimaliza mfumo mpya wa feni zinazopeleka hewa chini. Kioo cha kompyuta kikaandika: kadi zote za wachimbaji zimetoka lango la juu, ruhusu feni zizimwe, tuziwashe upya. "Bonyeza basi, mama," Boaz, msaidizi wake, alimtania, "au unangoja wakuamkie shikamoo?" Hakubonyeza. Alichukua redio ya kuita walio chini, akasalimu Kisukuma kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Mwangaluka!" Redio ilikoroma tu. Akarudia, akangoja, maana kwao salamu haiachwi bila kuitikiwa. Mara sauti yenye kikohozi ikapanda: "Mwangaluka, mama! Ni Makoye, nafunga bomba. Kadi nimempa mwenzangu Festo apande nayo, isilowe." Yule mama akakataa ombi la mawakala, kisha, feni zikinguruma, akamwuliza Makoye habari za mke, za watoto, za mifugo, asinyamaze mpaka alipomwona amesimama mlangoni, viatu vikidondosha tope.