Kiko cha Shangazi na Godoro la Sponji

Kabla sijaolewa Kigali nilidhani kazi ya maabara ni usafi: koti jeupe, chupa zinazong'aa, watu wanaonong'ona. Kumbe yetu ilikuwa kuchoma vitu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini magodoro ya sponji na mapazia ya nailoni yalikuwa yanamiminika madukani, na maabara yetu ikapewa sanduku la chuma ichunguze moshi wake. Unakata kipande, unakitia moto ndani ya sanduku, moshi unapita kwenye bomba hadi kwenye chupa yenye kikaratasi cha manjano. Kikaratasi kikigeuka chekundu, moshi una sumu ile ile ya muhogo mchungu. Vikaratasi vyenyewe tulivirithi kutoka meza ya muhogo, nilikoanzia kazi nikipima unga.

Sponji ilivigeuza vyote, bila huruma. Nami nyumbani nilikuwa nalo godoro la sponji, zawadi ya mama yangu, lililosafiri kutoka Kigoma juu ya paa la basi. Na juu yake alikuwa akilala shangazi wa mume wangu, akivuta kiko.

Shangazi alitoka Ndera, nje ya mji, kuja kumngoja mtoto wetu wa kwanza. Mimba ilikuwa changa bado, lakini yeye hakupenda kuchelewa. Tulimpa godoro zuri kama adabu inavyotaka, sisi tukabaki na la majani. Kila akimaliza kula alijilaza, akawasha kiko, akaanza rozari, na kabla hajafika katikati alikuwa anakoroma huku kiko kinafuka kifuani. Shuka langu la harusi lilikuwa limejaa matundu.

Niliogopa, tena sana. Kila nikisikia harufu ya tumbaku naliona lile sanduku la chuma, na sisi sote ndani yake. Lakini mke mgeni atamwambiaje dada wa baba mkwe azime kiko? Nilimwomba mume wangu aseme. "Mimi?" akauliza, akatoka nje kwenda kuangalia mvua.

Nikaamua kumwonyesha. Nilipomwalika aje aone kazi yangu alifurahi, akavaa mshanana wake wa kanisani, lile vazi la kufungwa begani. Mkuu wetu, tuliyemwita shefu, alikuwa amesomea Ubelgiji, lakini mashangazi aliwaogopa kama sisi wengine. Alimpa kiti chake mwenyewe.

Nilichoma kipande nilichokata kwenye pembe ya godoro lenyewe. Tukangoja. Kikaratasi kikawa cha rangi ya chungwa, kisha chekundu kabisa.

"Ni sumu ya muhogo mchungu, Shangazi," nikamwambia.

Akakitazama. Kiswahili alikiokota Bujumbura alikouza vitenge ujanani, na alikitumia kwa kunihurumia, maana Kinyarwanda changu kilichekesha watu. "Muhogo tunatia mu maji," akasema. "Na godoro tutie mu maji."

Nikamweleza kwamba sumu hii haitoki kwa kulowekwa, inazaliwa na moto. Hapo akafungua mkoba, akatoa kiko na tumbaku. "Basi pima na hii."

Tukapima. Kikaratasi kikageuka tena, safari hii taratibu. Nikajiona mshindi.

"Unaona, Shangazi? Hata kiko."

"Naona. Mimi iko navuta hii tangu mama yako iko mutoto. Nimekufa?" Akamgeukia shefu. "Muheshimiwa, hii karatasi yenu iko nadanganya."

Shefu, na usomi wake wote, akasema hilo ni swali zuri. Nilitamani kumchoma yeye.

Ndipo maziwa yakaletwa, kama kila siku. Sisi tuliochoma vitu tulipewa kila mtu kikombe kikubwa, ati yaoshe kifua. Hakuna kitabu kilichosema hivyo, lakini hakuna aliyethubutu kuyatilia shaka. Nikapokea changu.

"Ya nini?" akauliza Shangazi.

"Ya moshi, Mama," shefu akajibu kwa fahari. "Anayechoma lazima anywe. Moshi huu ni hatari sana."

Shangazi akalitazama sanduku, akakitazama kikombe changu, kisha tumbo langu, ambalo lilikuwa bado halijalisukuma koti.

"Karatasi inaweza kudanganya," akasema polepole. "Maziwa hapana. Mutu hapewi maziwa bure. Mukazana, kila siku unachoma hii? Na mutoto wetu iko ndani?"

Mukazana ndivyo alivyoniita, mke wa mtoto wao. Siku zote zile nilikuwa nalinda shuka, huku nikirudi nyumbani nywele zinanuka sponji, na wazo hilo halikuwahi kunijia. Machozi yakanitoka mbele ya shefu. Nikasingizia moshi.

Shangazi akasimama. "Mimi naacha kiko ya kitandani. Yeye anaacha hii sanduku, anarudi ku muhogo, mpaka mutoto azaliwe." Hakuwa anaomba. Shefu akatazama dari, akakubali.

Basi nikarudi meza ya muhogo, na sanduku akalishika shefu mwenyewe, akajiongezea maziwa. Godoro Shangazi alililoweka hata hivyo, likanuka uvundo hadi kwa majirani. Ila neno lake alilitimiza: kiko alikivutia nje chini ya upenu, mvua ikimpiga miguu, akigomba peke yake. Na kila jioni niliporudi kazini alinizuia mlangoni, akainamisha kichwa changu kwa mikono miwili, akanusa nywele zangu, ndipo akaniachia nipite.