Tambi za Magadi

Mume wangu alirudi kutoka hospitali akiwa amepungua mpaka pete ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni. Upasuaji wa tumbo ulikwenda vizuri na kidonda kilikuwa kinafunga, ila chakula hakikupita. Mama yake alikuja kutoka Gulwe kunisaidia, maana nilitakiwa kurudi ofisini. Alimpikia uji wa ulezi, akampikia na mlenda aliokuwa akiupenda tangu utotoni. Mwanawe alionja kidogo, akashukuru, akageukia ukutani.

Jioni moja nilimuuliza kama kuna chakula chochote duniani anachokitamani. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Rameni."

Neno hilo nilishalisikia. Kabla hatujaoana alisomea mambo ya maji Japani, na kila msimu wa baridi ya hapa Dodoma ulipofika alisimulia kijiduka cha karibu na bweni lake, walikouza bakuli la tambi kwenye supu nzito. Mimi sikuwahi kuionja. Nilimwambia dukani kuna tambi za pakiti. Akasema hizo siyo.

Jumamosi nikaenda Msalato kwa muuza kitimoto, nikaomba mifupa mitupu. Akaniuliza kama nafuga mbwa. Nilipomwambia nina mgonjwa, akaniongezea na miguu ya nguruwe. Ilichemka uani kwenye jiko la mkaa kutwa nzima, supu ikawa nyeupe kama maziwa. Mume wangu alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, akinielekeza: toa povu, tia tangawizi, usifunike. Kule walitia samaki wadogo waliokaushwa, kwa hiyo nikatia dagaa. Mwani sikuupata, tukauacha.

Tambi ndizo zilizonishinda. Nilikanda unga wa ngano kwa maji na chumvi, nikasukuma, nikakata, nikatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Zikawa uji. Nilipompelekea sufuria aone, alicheka mpaka akashika kidonda, akaniomba nimwondolee sufuria hiyo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Mama mkwe akaja kuona kuna nini, akakuta mwanawe anacheka na mimi nafuta machozi, akabaki mlangoni asijue amwendee nani.

Mume wangu akatueleza kwamba kule unga hukandwa kwa maji yenye kitu kinachofanya tambi zikaze na kuwa na rangi ya manjano. Hakujua kinaitwaje kwa Kiswahili. Mama akamuuliza kina ladha gani. Akasema ukikizidisha, tambi zinanukia sabuni.

"Si magadi hayo?" mama akasema, akaenda kuchukua kifuko alichokuja nacho kwa ajili ya mlenda.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, tukaanza upya. Mama aliloweka magadi, akaacha uchafu utuame, akanipa maji ya juu. Safari hii unga ulikuwa mgumu, mikono yangu ikachoka. Mume wangu akasema wenyewe huukanyaga. Mama hakupenda kusikia chakula kinakanyagwa. Lakini nilipoufunga kwa nailoni na kuuzungushia kitambaa safi, alinawa miguu, akanishika bega, akaukanyaga taratibu, uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayeona aibu.

Nilimpakulia mgonjwa tambi, supu, yai la kuchemsha lililolala usiku kucha kwenye sosi ya soya, na majani ya vitunguu. Alikula kimya, sisi tukimtazama.

"Haifanani," alisema. Baadaye akanyoosha bakuli. "Niongezee supu."

Mama alikula supu ile kwa ugali. Tambi aliziacha, akasema zinateleza mno.

Tulizipika tena wiki hiyo, na iliyofuata. Hamu ya vyakula vingine ikarudi polepole, wali kwanza, halafu nyama. Daktari alipomruhusu kurudi kazini, mama akafunga mizigo yake. Asubuhi ya safari tulikuwa wawili jikoni, nikimfungia maandazi ya njiani, akaniuliza kama kweli mwanawe alikuwa akila kile chakula siku zote alizokaa ugenini. Nikamwambia ndivyo anavyosema, karibu kila jioni.

Akayapokea maandazi.

"Basi alikuwa anashiba," akasema. "Miaka ile yote mimi nilidhani analala njaa."